Wimbo wa Kumzuia Mshindi

Sauti ya marehemu dada yangu niliisikia tena kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika, mtaa wa Alief, Houston, Jumamosi moja ya Desemba ile ya mwisho kabla ya korona. Ilitoka kwenye gari la mtu nisiyemjua. Vioo vilikuwa vimeshushwa, na mwenye gari alikuwa akipakia mifuko yake kwenye buti huku akiitikia kiitikio kwa raha zake. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani nikimsubiri mtoto wangu atoke na unga wa muhogo. Dada yangu alikuwa amelala kaburini Mwanza miaka mingi, na hapo alikuwa akiimba juu ya kelele za toroli za duka.

Huyo mtoto ninayemwita wangu alikuwa wake. Alimwacha ana miaka miwili, kwa homa iliyoanza kama mzaha, na baba yake alipooa kwingine nikamchukua mimi, mama yake mdogo. Nilipopata kazi ya uuguzi Texas nilikuja naye. Tukakaa Grand Prairie, katikati ya Dallas na Fort Worth, mahali ambapo ukitaka hata kiberiti unawasha gari. Picha za mama yake tulikuwa nazo. Sauti yake hatukuwa nayo. Alipokuwa mdogo alizoea kuniuliza mama aliongeaje, nami nilimwigiza, na kila mwaka uigizaji wangu ulizidi kupungua ukweli. Sura ya marehemu hukaa, vidole vyake hukaa, hata namna alivyonuna hukaa. Sauti ndiyo inayotangulia kuondoka, na haiagi.

Mwaka ule mtoto alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa ameshinda shindano la kusaka vipaji. Liliandaliwa na redio ndogo ya mtandaoni ya Waswahili wa Houston, ile ambayo kila mtu alijidai haisikilizi na kila mtu alijua imesema nini. Mshindi hurekodiwa wimbo, wimbo hutolewa mwanzoni mwa Desemba, na redio huupiga asubuhi, mchana na jioni mpaka Krismasi iukute kileleni mwa chati yao ya Kumi Bora. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka tangu shindano lianze, na watu walikuwa wamechoka. Hata mimi nilikuwa nimechoka. Mshindi wa mwaka uliotangulia alikuwa kijana aliyeimba kama anayepiga mswaki, na nilisema wazi kanisani kwamba Krismasi imeharibika.

Kwa hiyo kampeni ilipoanza, hasira yake niliielewa kabla sijatambua inamwangukia nani. Picha ilisambaa kwenye makundi yote ya simu: kipaza sauti kimepigwa msalaba mwekundu, na chini yake maneno kwamba Krismasi si ya shindano. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Watu wachague wimbo mmoja wa zamani kutoka nyumbani, waupigie kura wote, ili mshindi asifike kileleni. Kura ilikuwa moja kwa kila simu kwa siku, basi simu zilizokufa zamani zikafufuliwa, zikatolewa kwenye makabati, zikachajiwa, zikapiga kura. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja kila Jumapili alinitumia picha ile na vicheko vitatu, kisha akakumbuka mshindi ni nani, akaifuta. Nilikuwa nimeshaiona. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walichagua wimbo wa kwaya, wa enzi za kanda. Chini ya ile picha waliandika jina la wimbo, na kwa mwimbaji wakaandika kwamba hajulikani. Sikuusikiliza. Kiburi kilinikataza hata kuugusa kwa kidole.

Mtoto yeye alisoma kila kitu. Walisema anaimba Kiswahili kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Walisema arudi akaimbe Kiingereza chake. Hakulia mbele yangu, na kilichomuuma haikuwa kushindwa, maana kushindwa shuleni alikuwa amekuzoea. Shuleni aliitwa Mwafrika na kanisani aliitwa Mmarekani, na shindano lile ndipo mahali pa kwanza alipodhani amehesabiwa mtu wa kwao. Wiki ile aliacha kuimba bafuni. Aliniambia, bila kuinua macho kwenye sahani, kwamba Krismasi ikipita hataimba tena, na kwa jinsi ninavyokijua kile kichwa kigumu cha ukoo wetu, nilijua hatanii.

Ndipo Jumamosi ile tukashuka Houston, akahojiwe redioni kama mshindi, kisha tukapitia Alief kununua unga. Alitoka dukani, akasimama karibu na lile gari lenye muziki, akasikiliza kidogo.

"Ndiyo huo," alisema alipoingia. "Ndiyo wanao-vote."

Nilimwambia kichwa kinaniuma, aendeshe yeye. Njia nzima ya kurudi niligeuzia uso dirishani, nikaangalia malori na mabango ya wanasheria, na sauti ile ilikuwa bado masikioni. Sikuhitaji kuusikia mara ya pili. Ningeweza kukosea uso wa dada yangu barabarani, lakini si ile namna yake ya kuingia kwenye neno kwa nyuma kidogo, kama anayechungulia mlangoni kabla ya kubisha.

Anayezijua kwaya zetu hatauliza kwa nini waliandika mwimbaji hajulikani. Kwenye kava la kanda uliandikwa usharika, likaandikwa jina la mwalimu wa kwaya, pengine na la mchungaji aliyeombea safari. Mwimbishaji, yule anayeongoza wimbo kama dada yangu, hakuandikwa. Tulifundishwa kwamba sauti ni ya kwaya na utukufu ni wa Mungu, na dada aliyetaka jina lake kavani angesemwa mpaka ahame usharika. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kwaya ile, sauti ya pili, mstari wa nyuma. Tulirekodi kwenye chumba kimoja mjini chenye magodoro ukutani. Kanda zetu ziliibwa, zikaliwa na redio kaseti, zikarekodiwa juu yake hotuba za harusi, na nilipoondoka Mwanza sikupata hata moja. Sasa wimbo ulikuwa umevuka bahari bila jina, ukaja kupigana na mtoto wa mwenye sauti.

Kiongozi wa kampeni nilimfahamu. Alikuwa mzee wa kanisa, Mkenya wa Garland, karibu na Dallas, mfanyakazi wa ghala, mtu aliyewahi kuja kwetu kutuombea nilipofanyiwa upasuaji. Jumatatu nilipotoka zamu nilimpigia nikiwa ndani ya gari. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, tena mengi. Alipokea kwa furaha, akaniuliza habari za mtoto, na makali yangu yakapungua. Nilimuuliza wimbo aliutoa wapi. Akasema kanda ilikuwa ya marehemu mama yake, aliinunua kwa kwaya iliyopita kwao Migori kwenye mkutano wa injili, na mama aliisikiliza mpaka siku za mwisho.

"Sister, sisi hatuna ubaya na mtoto," alisema. "Tumechoka tu na hii biashara ya winners. Sikujua hata kama ni yeye atashinda, wimbo nilikuwa nimeu-pick kitambo."

Nikamwambia anayeimba ni nani.

Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasema atautoa. Atawaambia watu waache, siku hiyohiyo, na sababu hataisema kama sitaki.

Hilo ndilo nililokuwa nimempigia kuomba, na aliponipa nikashindwa kulipokea. Akiutoa, mtoto atafika kileleni na pengine ataendelea kuimba. Akiutoa, magari ya Alief yatanyamaza, simu zitarudi makabatini, na dada yangu atakufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Nilikaa kwenye maegesho ya hospitali nimeshika usukani wa gari lililozimwa, nikiwa na hasira na marehemu. Nilimuuliza, kwa sauti, kwa nini umekuja sasa, kwa nini umekuja hivi. Muuguzi mwenzangu alipita akaniangalia, nikajifanya naongea na simu.

Nilimwambia mzee asubiri kwanza. Uamuzi haukuwa wangu.

Nilimwambia mtoto Jumamosi iliyofuata, asubuhi, jikoni, chai ikiwa mezani. Nilimwambia moja kwa moja sauti ni ya nani na mzee ameahidi nini, kwa sababu kazini nimejifunza kwamba habari nzito ukiizungusha inazidi uzito. Alinitazama kama ninayemfanyia utani mbaya. Kisha akachukua simu yake, akaufungua wimbo ambao naye alikuwa hajawahi kuusikiliza mpaka mwisho, akauweka katikati ya meza.

Tulisikiliza. Chai ikapoa. Ulipoisha aliurudisha, ukaisha, akaurudisha tena. Kwenye ubeti wa tatu, katikati ya mstari, mahali ambapo mwimbishaji yeyote angevuta pumzi baada ya neno, dada yangu alikata neno lenyewe, akapumua, akalimalizia. Mtoto akausimamisha hapo.

"Hapa amefanya nini?"

"Amepumua."

"Kwa nini hapa? It's the wrong place."

Nilikuwa nimesahau mpaka aliponiuliza. Nikakumbuka chumba kile, joto la magodoro, na mwalimu wa kwaya akitafuta kiti, kwa sababu mwimbishaji wake hakuweza tena kusimama muda mrefu. Alitaka kurudia kurekodi ubeti ule, dada akakataa, akasema mgongo umemshinda, na Mungu ataupokea hivyohivyo.

"Alikuwa na mimba yako," nilimwambia. "Ya miezi saba. Ulikuwa umemkalia mbavu."

Aliiangalia simu. Nilitamani alie ili nipate cha kufanya. Hakulia. Alisema polepole, kwa Kiswahili, kila neno likiwa mahali pake, "Kwa hiyo na mimi nimo."

Aliniambia nimzuie mzee asiutoe wimbo. Aliomba kitu kimoja tu, pale palipoandikwa hajulikani paandikwe jina. Mzee akaandika, na mkesha wa Krismasi mtangazaji akalisoma jina la dada yangu, namba moja. La binti yake lilikuwa la pili. Watu walipojua ni mama wa nani, waliona aibu, na aibu ya watu wetu hupikwa. Kwa wiki nzima tuliletewa pilau, chapati na mbuzi wa kuchoma mpaka friji ikagoma kufunga. Mama wa vicheko vitatu alileta sufuria mbili. Tulipokea vyote na kushukuru, kisha mwaka ukageuka, chati ikajaa nyimbo nyingine, na kampeni ikasahaulika.

Nyumbani kwetu wimbo haukuondoka. Mtoto aliupiga asubuhi akichana nywele, aliupiga akifanya kazi za shule, aliupiga akiwa amelala kitandani na viatu. Yeye mwenyewe hakuimba. Krismasi ilikuwa imepita na ahadi yake ilikuwa imesimama palepale. Nilianza kuogopa. Nilikuwa nikiingia sebuleni namkuta dada yangu anaimba na mwanaye amenyamaza, siku baada ya siku, na moyo wangu wa Kisukuma, ambao ubatizo haujaumaliza wote, ukaniambia kwamba aliyekuja amekuja kumchukua mtoto wake. Nilisali. Usiku mmoja niliificha chaja ya simu yake kwenye kabati la viungo, kisha nikajicheka na kuirudisha. Kwa miaka mingi nilitamani dada yangu arudi, na sasa nilitaka aondoke, na sikujua ni lipi lililo dhambi.

Korona ilipoingia, shule zikafungwa, na mimi nikawa natoka hospitali nikiwa sithubutu kumgusa mtu. Nikifika nilivulia nguo za kazi gereji, nikaziweka kwenye mfuko, nikanawa kwenye ndoo kabla ya kuufungua mlango wa jikoni. Kutoka gereji nilisikia ndani. Kila siku wimbo ulikuwa unaendelea, na kila siku nilisimama na taulo langu nikasikiliza mpaka ubeti wa tatu, kwa matumaini ya kijinga kwamba leo atakuwa ni mtoto. Pumzi ndiyo iliyonipa jibu. Likikatwa neno, ni marehemu. Lingepita bila kukatwa, ningejua anayeimba yuko hai.

Mwezi wa tano, mchana mmoja wa joto, niliingia gereji na uchovu ambao sijawahi kuupata kabla wala baada ya hapo. Tulikuwa tumepoteza wagonjwa zamu ile. Wimbo ulikuwa ukiendelea ndani. Ukafika ubeti wa tatu, ukafika kwenye lile neno, na neno likakatwa, pumzi ikavutwa, neno likamaliziwa. Nikaegemea gari na kulia, kwa sababu nilikuwa nimemhitaji mtoto siku ile, na aliyenipokea alikuwa marehemu tena.

Kisha nikafungua mlango. Mtoto alikuwa amesimama kwenye sinki akiosha mchele, mgongo kwangu, anaimba. Simu yake ilikuwa mezani, imezimwa.