Masikio Yangu kwa Dirisha ya Darasa ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kama inspecteur, mukaguzi wa masomo ya primaire, nilivaa koti na kuenda mbio kwa bureau ya directeur wa shule. Mukubwa yangu, Inspecteur Principal, akanishika mukono.

«Weye unaenda wapi? Kule iko rangi mupya na chai. Masomo iko huku.»

Akanisimamisha inje ya dirisha ya darasa ya kwanza. «Ngojea mutoto akosee. Kisha sikiliza mwalimu.»

Basi, vijana, kazi yangu yote ilikuwa hiyo, na niliipenda sana. Niliifanya Mongbwalu, kwenye watoto walikuja na vumbi ya machimbo kwa magoti. Niliifanya Ariwara, kwenye kelele ya soko iliingia darasani. Nilikuta shule ya udongo, mwalimu anasema: «Umekaribia, jaribu tena.» Nilikuta pia shule ya vioo, mutoto akikosa, darasa nzima inamucheka.

Nilipopata retraite, kupumzika kazi sababu ya uzee, nilirudi Bunia. Mwaka huu vita ilimutoa binti yangu Dorika kule Fataki, yeye na mutoto yake Neema. Dorika akamuandikisha kwa shule ya sifa, uniforme safi, Kifaransa tupu. Mule, mwenye kuteleza akasema Kiswahili anavalishwa kipande ya ubao kwa shingo. Neema aliivaa siku moja tu. Kisha akanyamaza, mupaka nyumbani. Kila nikikuta mutoto anacheka, mimi nilimukumbuka yeye, roho inaniuma.

«Mama,» nikamuambia Dorika, «kizuri inajiuza, kibaya inajitembeza. Kesho siye tunaenda kusikiliza madirisha.»

«Papa, retraite imekushinda,» alinicheka, lakini akavaa viatu.

Tulizunguka mupaka jua kali. Kwa shule moja ya mabati, kijana mudogo alisema tano na tatu ni saba. Mwalimu hakukasirika. «Asante, umetusaidia. Wote tutoe vidole, tuhesabu naye.» Dorika akanishika mukono, macho imejaa machozi. Mimi, muzee muzima, miguu ilitaka kucheza palepale.

Neema alianza pale. Saa sita alirudi mbio anacheka, sauti yake inafika mbele yake, ananiita mimi babu yake.

«Koko! Leo nilikosa mbele ya watu wote!»

Miaka yote ya kazi, hakuna mutu aliniletea ripoti nzuri kupita ile.