Kikombe Kilichowekwa Kulia

Harufu ya lozi ndiyo iliyonifikia kwanza, kabla sijageuza shingo. Nilipogeuka, Mjomba Athmani alikuwa amerudi kutoka msikitini, amekaa mahali pake mezani, kofia ingali kichwani, ameshika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa na uso wa saa kiganjani, uso wa fedha uliochongwa maua, bado una unga wa mbao. Nilijua kilichokuwa ndani ya kikombe kile. Nilifungua mdomo, ulimi ukakataa, na Mjomba akasema "Bismillahi" akapiga funda moja. Akakunja uso. Akanitazama mimi. Hakumtazama mgeni aliyekaa mbele yake, alinitazama mimi. Kisha kikombe kikaanguka.

Sasa nirudi nyuma, maana kisa hiki kimesimuliwa miaka yote na watu ambao hawakuwapo. Mimi kuandika si kazi yangu, shule niliiacha darasa la nne, na sababu ya kuiacha mtaijua hapa hapa. Lakini macho nilikuwa nayo, na nina haya haya leo.

Mjomba alikuwa fundi saa, Timbwani, ng'ambo ya feri, nyumbani kwake, katika ukumbi wa mbele. Mama alinipeleka kwake nikiwa na miaka kumi, masika yalipoanza. Saa za mkononi alizitengeneza kwa riziki, lakini mapenzi yake yalikuwa saa za mfukoni, zile nzito za mabwana wa zamani, zenye nyuso za madini zilizochongwa maua na vijani vya dhahabu. Alinifunza mwenyewe, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Kwanza waing'oa mishale, na chini yake umetandika karatasi ya sigara ili uso usikwaruzike. Kisha walegeza skrubu mbili za ubavuni, ndogo kama chawa, zinazoshika miguu ya uso, vile vijiti vya nyuma yake. Kisha wauinua sawasawa pande zote. Ukiuinua upande mmoja, mguu wapinda na uso haurudi tena kama ulivyokuwa. "Kama unamwamsha mgonjwa," Mjomba alikuwa akisema. Nilikuwa nauinua nimebana pumzi.

Kuusafisha alipenda kwa unga wa chaki na maji, kwa brashi laini, polepole, ua moja moja. Baada ya hapo mimi naukausha ndani ya unga wa mbao niliokwisha kuupasha moto kwenye jiko dogo la makaa, maana masika yale hata ukuta ulikuwa ukitoka maji. Lakini zilikuwako nyuso zilizokuwa nyeusi tititi, na kwa hizo kulikuwa na dawa. Dawa ilikaa ndani ya gilasi nene yenye kifuniko, nyeupe kama maji ya kunywa, na ilinuka lozi. Mjomba alichovya uso kwa waya, akahesabu moja, mbili, tatu, akautoa, akausuuza maji matatu. Mimi dawa sikuruhusiwa kuigusa.

Aliyeileta dawa hiyo ni Feruzi. Nalitaja jina kwa kuwa mwenyewe hajapata kulitaja. Feruzi muuza vitu vya kale ndiye aliyekuwa akizikusanya saa zile kwenye nyumba za watu wakubwa walioishiwa, akamletea Mjomba azing'arishe, akawauzia wageni. Unga wa dawa aliuleta ndani ya kopo la maziwa, halina hata karatasi ya jina. Asije akasema hakujua. Siku moja kuku wa jirani aliingia ukumbini akanywa maji ya kwanza ya kusuuzia. Hata mlango hakuufikia. Feruzi alikuwa amekaa pale pale, akacheka mpaka akajipiga paja. "Athmani, huyo amechinjwa bila kisu. Haya, mtoto, mtie nazi!" Mjomba hakucheka. Alimzika kuku yule mwenyewe, akanawa, akanishika mabega. "Umeona, mwanangu? Nyumba hii, cha kushoto ni cha kuua, cha kulia ni cha kula. Usichanganye, hata ukiwa umelala." Na mimi kwa hofu nilikuwa nikipita ukumbini nikijishika mkono wa kushoto, usije ukanitoroka.

Amri ile ilikaa vizuri kwetu kwa kuwa hata bila sumu sisi hatupeani chakula kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mezani kwa Mjomba gilasi ya dawa ilikuwa kushoto daima, na kulia kikombe chake cha kahawa. Naye alikuwa na desturi: akimaliza kahawa, hutia maji katika kikombe kile kile, huyaacha kidogo, kisha huyanywa, eti riziki haiachwi kwenye mashapo.

Siku yenyewe Feruzi alikuja na saa moja ya maua, nikauinua uso wake, na mnunuzi wake alikuwa anaondoka kesho yake. Mjomba, masika yale yote alikuwa na mafua, pua imeziba, akamwambia kwa sauti ya mafua kwamba dawa itakula dhahabu ya namba, atatumia chaki, asubiri. Ikaadhiniwa alasiri. Mjomba akatia maji kikombeni, akakiweka kulia, akaenda kuswali. Feruzi akasema atamfuata. Hakwenda.

Alikaa ng'ambo ya meza, akakitwaa kikombe cha Mjomba, akayamwaga maji dirishani, akamimina dawa ndani yake, maana uso wa saa huingia barabara katika kikombe cha kahawa na gilasi ilikuwa na mdomo mwembamba, yataka waya na subira ya Mjomba. Nikamwambia, "Bwana Feruzi, Mjomba amesema hiyo yashikwa na yeye tu."

"Abee, fundi mkubwa!" akanijibu, akiigiza sauti ya kike. "Kumbe Athmani ameniwekea mkaguzi. Binti, wazazi wako walikufunza kuwasahihisha wanaume?"

"La, bwana."

"Basi geuka. Tazama jiko lako."

Alichovya, akautoa, akausuuza, akanitupia niukaushe. Nikamwona anakiweka kikombe kushoto, kama alivyozoea kumwona Mjomba. Kushoto kwake yeye, aliyekaa ng'ambo. Nilihisi kuna kitu hakikukaa sawa, lakini nilikuwa nimeambiwa nigeuke, nikageuka. Nilikuwa naukausha uso ule, nikisubiri mkubwa aseme. Mjomba akaingia, akakaa. Feruzi alikuwa anajipangusa vidole.

Gari la kumpeleka hospitali lilipatikana, lakini kwenye foleni ya feri Mjomba alikuwa ameshatuacha. Mnajua Feruzi alifanya nini watu walipokuwa wanambeba? Alinikunjua ngumi, akautoa uso wa saa. "Nipe hicho." Kisha akatoka nje, penye umati, akasema, "Masikini, mtoto ndiye anayepanga vikombe." Maneno hayo tu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akafa, na mgeni akaondoka na saa yake mfukoni.

Mkaza mjomba, Bi Zuhura, aliyaokota maneno hayo akayafanya chakula chake. Nilijaribu kusema. "Nyamaa wewe! Wamzulia mtu mzima, na mkono wako ndio uliomuua mume wangu?" Arobaini ilipopita nilirudishwa kwa Mama, na shuleni huko watoto walikuwa wamekwisha kusikia. Hakuna aliyekubali kunywa maji niliyoyachota. Nikaacha kwenda.

Leo nakaa Junda, nakaanga bajia, nina wajukuu wawili. Naambiwa siku hizi saa husafishwa kwa mashine, na chupa za dawa zina picha ya fuvu. Vizuri. Wajukuu wangu hujibu wakubwa, majirani hunilaumu kwamba nimewadekeza, nami nawaacha wajibu. Lakini kahawa sijaionja tangu siku ile, na peremende ya lozi ikifunguliwa karibu yangu natoka nje, mtu mzima mimi, nashika ukuta. Bi Zuhura yu hai. Iddi iliyopita nilimwendea, nikampa maji kwa mkono wa kulia. Aliyaweka chini, akamwita mtu mwingine amletee.

Na Feruzi yu hai. Ana duka, ana fimbo ya mpingo, watu humpisha njia. Kwa hiyo nakwambia wewe, Feruzi, mbele ya wanaosoma: meza ya Mjomba ingali kwa Bi Zuhura, ameiwekea cherehani. Nenda Timbwani, na uende kabla mmoja wenu hajafa. Mwombe aitoe cherehani. Kaa ng'ambo, pale pale ulipokaa, ukiweke kikombe kushoto mbele ya macho yake, kisha umwambie kilikuwa kulia kwa nani.