Mafiga ya Apolinaria na Kinu cha Upepo

Wenzake walisombwa na malori kupelekwa kijiji cha ujamaa. Apolinaria hakusombwa. Kijiji ndicho kilichomfuata, kikajipanga mistari mbele ya nyumba yake pale pembeni mwa Kwihara, na watu wakamwonea kijicho.

Bahati gani! Mwaka uliofuata kikaletwa kinu cha upepo cha kuvuta maji kisimani, mnara wa chuma wenye mapanga marefu, na sheria yake juu: nyumba ambayo mnara ukianguka utaifikia, ivunjwe. Nyumba yenyewe ilikuwa moja tu, ya kwake.

Kuvunjiwa nyumba hakukumtisha. Kilichomtisha ni mafiga. Mumewe Modest aliingia misitu ya Usinge kurina asali, na sasa ulikuwa msimu wa tatu hajaonekana. Kwao, mke wa mrina asali hazimi moto wala hahamishi mafiga mpaka mume arudi. Akiyahamisha, mume haioni tena njia ya nyumbani. Waliomwambia Modest amekufa aliwatazama tu, akachochea kuni.

Shomari, mwenyekiti wa kijiji, hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Ila wakubwa wa wilayani aliwaogopa kupita kiasi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kwa lile lile."

"Marahaba. Vunjeni nyumba, mwanangu. Mafiga niachieni."

"Moto chini ya mnara? Watanila nyama, mama!"

Basi wakavunja. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti, lakini mapanga yalizunguka, kriii, kriii, na kivuli chake kikapita juu ya mafiga, kikarudi, kikapita tena. Vijana waliokuwa wakitaniana wakarudi nyuma wote. Apolinaria aliyabeba mafiga mwenyewe, machozi yanamtoka, na makaa akayatia kwenye kigae. Alipofika kiwanja kipya makaa yalikuwa meusi, baridi kabisa. Alipuliza mpaka kifua kikamuuma. Wapi!

Asubuhi akaenda kisimani. Pale palipokuwa jikoni kwake, juu ya jivu, palikuwa na lindo, chombo cha gome la mti cha warina asali, limejaa asali, nyuki wangali wanatambaa ukingoni. Fundo la kamba yake lilikuwa la Modest. Miaka yote ya ndoa Apolinaria ndiye aliyekuwa akilifungua. Nyayo zilitoka upande wa magharibi, zikasimama palipokuwa mlango, zikazunguka, zikazunguka tena, kisha zikarudi zilikotoka.

Apolinaria akatupa ndoo, akazifuata mbio. "Modest! Nimesogea hapo tu! Hapo tu, baba!"

Nyayo zilikoma katikati ya mchanga mtupu, kabla ya kufika msituni.

Shomari alimkuta amekaa hapo hapo. Alikuwa ameshaliona lindo.

"Tuyarudishe mafiga, mama. Sheria niachie mimi."

"Ya nini tena?" alisema Apolinaria. "Ameshakuja."