Viatu vilivyojaa mlangoni kwa Bi Zuhura

Leo nimeingia matangani nikicheka.

Niko huku Minneapolis kwa kazi za likizo ya chuo, natandika vitanda hotelini Maple Grove. Kesho narudi Mombasa. Bi Zuhura, mama wa kwetu anayeishi New Hope, aliniambia nipite leo nichukue mzigo wa kumpelekea mamake kule Mombasa.

Nafika, viatu vimejaa mlangoni.

Moyoni nikasema, jamani, wamenifanyia karamu ya kuniaga. (Na gauni jekundu nimevaa, na mdomo nimepaka.)

Nikasukuma mlango. "Haya, mzigo uko wapi? Sanduku langu bado lina nafasi."

Ndipo nikaona.

Makochi yamesukumwa ukutani. Wanawake wamekaa chini, mkekani. Katikati yao Bi Zuhura, macho yamevimba.

Mamake amefariki alfajiri ya kule. Wameshamzika.

Nikakaa pale pale mlangoni, nikijifuta rangi ya mdomo kwa mtandio.

Baadaye akanivuta chumbani, akanipa ndara laini alizomnunulia mamake, za miguu inayovimba. Miaka mingi hajaenda kwao, makaratasi yake ya kuishi huku hayajakamilika. Mimi niliyekuja kwa likizo tu ndiye ninayerudi.

"Bi Zuhura, nizibebe bado?"

"Beba, mwanangu. Umpe atakayekufungulia mlango."

Nimeziweka juu kabisa ya sanduku.

Mliowahi kubeba mzigo wa namna hii, niambieni. Nikifunguliwa, nitasema nimemletea nani?