Kibao Alichokitia Yeyo Shanga

Sisi tulioanza darasa la kwanza enzi za kuandika mchangani kwa kidole, kuni kichwani na kidumu cha maji mkononi, tusidanganyane kwamba kila kitu kilikuwa kitamu. Makande ya shule yalikuwa matamu, nakubali. Vumbi jekundu la Karatu lilituingia mpaka masikioni na tukacheka. Lakini fimbo nazo tulizila.

Mimi nilifika Karatu kutoka Arash, kijijini kwetu Umasaini, sijui Kiswahili hata cha kuombea maji. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu, baba akapata kazi ya ulinzi kwenye shamba la kahawa. Shule hakuitaka. Mama yangu, Yeyo kama tunavyoita kwa Kimaasai, ndiye aliyembembeleza wiki nzima. Baba akakubali shingo upande: "Siku nikisikia wanamdharau, anarudi Arash kwa babu yake kuchunga ndama."

Siku ya kwanza nikashikwa na kiu. Nikamwambia Paulina, Mwiraqw niliyekaa naye dawati moja: "Enkare." Maji. Kiranja akaja mbio, akanivisha shingoni kibao chenye kamba. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kwetu anayekuvisha kitu shingoni amekupenda. Nikarudi nacho nyumbani nikirukaruka.

Yeyo alikigeuzageuza. "Watu hawa wana heshima," akasema, "ila kupamba hawajui." Akafumua mkufu wake mwenyewe, akakizungushia kibao shanga nyekundu na nyeupe.

Kesho yake Paulina aliponiona alishika mdomo. "Wewe! Hicho ni cha wanaoongea kilugha! Mwalimu atakuua leo!" Sikuelewa hata neno, alikuja kunirudia maneno hayo miaka baadaye, huku akicheka. Mwalimu hakuniua. Alizing'oa shanga zikatawanyika sakafuni, akanichapa sita, na hapo nikaelewa bila mkalimani.

Jioni Yeyo akauliza, "Walisemaje?" Shanga nilizookota nilikuwa nimezifunga kwenye pindo la sketi. Baba amekaa pale pale, anasikiliza.

"Wamekipenda," nikasema. "Wamebaki nacho."

Yeyo akawatangazia majirani wote. Mimi nikajifunza Kiswahili kwa hasira mpaka kidato cha nne, na nilipomzaa mwanangu wa kwanza nikaapa hatavishwa kibao na mtu. Sikumsemesha Kimaasai hata siku moja.

Sasa ana miaka sita. Hawa watoto wa siku hizi! Gari la watalii likipita kwenda kreta kutazama wanyama, anakimbia na wenzake, "Helo! Helo! Pipi!", anajiona profesa. Bibi yake, asiyejua ila Kimaasai, akimsemesha, ananitazama mimi: "Mama, mwambie bibi aongee vizuri." Mkono uliniwasha nimzabe kofi. Halafu nikajiuliza, nani aliyemnyima? Mimi huyu huyu.

Jana Yeyo alikaa naye kwenye benchi la mlangoni akimsimulia jinsi tulivyohama na ng'ombe wa mwisho. Mtoto akanifuata kwenye beseni: "Bibi anasemaje?" Nikamwambia asubiri nimalize nepi za mdogo wake. Nilipomaliza, mikono imechubuka, hadithi ilikuwa imeisha. Mimi enzi zile, pamoja na fimbo zote, nilikuwa na mama wa kuongea naye kila jioni. Hawa wangu, bibi na mjukuu, wamekaa benchi moja, kimya, kila mmoja ananingoja mimi.