Kukaa Baada ya Kula

Kwetu Ibra, mji wa Waarabu, mazungumzo huja kabla ya chakula. Wali ukishaliwa watu wananawa, kahawa inapita, udi unafukizwa, na mgeni mwenye adabu anatafuta viatu vyake.

Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza aliyokula nasi mkaza mwanangu, binti wa Kiajentina, sote tulinyanyuka, yeye akabaki mkekani. Nilidhani hajashiba, nikamwongezea kuku. Akala kwa heshima, maskini, kisha akabaki vile vile.

“Umeudhika?” nikamuuliza.

“Hapana, Mama. Kwetu tukila, tunakaa.”

Kukaa huko kwao kuna jina lake, sobremesa. Sahani zinaachwa palepale, watu wanazungumza mpaka jua linashuka, wanabishana, wanataniana, na hapana anayetazama saa. Nikamwambia huo ni uvivu mtupu. Akacheka, akanisogezea mto niegemee.

Nikaegemea. Mimi ni mjane, na binti zangu wameolewa Nizwa. Wanakuja, wanakula, wanawahi safari ya kurudi. Mkaza mwanangu alikuwa akitoa kibuyu chake cha chai ya majani machungu ya kwao, tukipokezana mrija mmoja.

“Mama, mrija mmoja? Astaghfirullah!” binti zangu walisema.

Niliwauliza vikombe vya kahawa wanavyopokezana msibani vinaoshwa na nani. Mkekani pale nilisema mambo ambayo hata marehemu mume wangu hakupata kuyasikia, kwa kuwa hakupata kukaa.

Mwanangu naye hakukaa. Alisimama mikono ingali mbichi, simu sikioni. Siku moja mkewe alimshika kanzu, akamwomba akae kidogo tu.

“Yallah, khalas, chakula kimekwisha. Mnangoja nini?” akajibu.

Mke akaiachia kanzu. Baada ya hapo walikuwa wanaishi kama wapangaji, mpaka mwanangu akampa talaka. Nilimsihi mwanangu, nikamkaripia, nikamlilia mbele ya waume wa dada zake bila haya. Talaka ilipopita, ikama yake ikaondoka nayo, akalazimika kurudi kwao, maana karatasi za ukaazi zilikuwa kwa jina la mume, na mama mkwe hana haki ya kumweka mtu. Binti zangu wakaniambia ni qadar ya Mungu. Nilitamani kuwapiga.

Nilichobaki nacho ni faraja moja: kwamba amerudi kwa watu wanaokaa. Kila Ijumaa nilimfikiria kwenye meza ndefu, mama yake kichwani mwa meza, kaka zake wakibishana, na yeye katikati anacheka. Mwanangu alihamia Sur, binti zangu wakapunguza kuja, na mimi nikaishi kwa picha hiyo.

Juzi mkaza mwanangu akanipigia simu ya video.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Nikamwona amesimama kwenye jiko dogo, sahani mkononi, anakula upesi upesi. “Mbona umesimama? Wenzio wako wapi?”

“Kaka zangu wote wamehamia Uhispania. Mama anakula mbele ya televisheni, hataki kuongea. Hakuna mtu wa kukaa naye hapa. Wa mwisho ulikuwa wewe.”

Nilimwambia kwamba Mungu atamletea watu, na nilijua nasema uongo. Akaniuliza mimi naendeleaje. Nikajibu alhamdulillah, na simu nikaishikilia karibu na uso, asije akaona kwamba mimi pia nilikuwa jikoni, nimesimama, nakula wali kutoka sufuriani.