Mlingoti Uliochukua Sauti Yangu

Siku niliyokwenda kuomba kazi, Mkaguzi wa Vituo vya kupima maji alinisimamisha ukingoni mwa mto Kiwira, upande wa Ikolo, akaniuliza kama naogopa maji. Nilitaka kujifanya jasiri, lakini mto ulikuwa umejaa, unanguruma. Nikasema naogopa. Akaniambia, "Basi kazi umepata. Asiyeogopa mto atalala siku moja, watu wafe." Kwa hiyo vijana, mkisikia watu wananiita mwoga, hawanisingizii. Uoga ndio ulionisomeshea watoto.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma kipimio, yaani ubao wa chuma wenye alama, uliosimikwa mtoni. Asubuhi na jioni unatazama maji yamegusa alama gani, kisha unaarifu kituoni kwa simu ya upepo. Msidhani mafuriko huja na mvua. Kwetu bondeni jua huwaka, mpunga umeanikwa uani, kumbe huko mlimani Rungwe mvua imeshamwagika na maji yako njiani. Nikiona mto umekuwa wa udongo na unabeba migomba mizima, sikungoja amri ya mtu. Nilipiga rimu la gari kwa nondo, nikapita nyumba hadi nyumba nikiita watu wapande kwenye tuta la barabara.

Nilihamishiwa Busale, kwa Msimamizi mmoja aliyekuwa na maneno makali kuliko pilipili, kisha nikarudishwa Ikolo. Hapo mwanangu Ambakisye akaoa. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakuoni wala wewe humwoni. Akisikia sauti yako anajificha, mkikaribia kukutana anaingia migombani. Wengi wameacha siku hizi, ukoo wetu bado. Basi nyumba ile sikuiita kamwe, nilimtuma mke wangu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Mhandisi, binti mpole mwenye akili nyingi, akasimika mlingoti ukingoni mwa mto. Juu yake kuna kisanduku kinachosikiliza mvua ya milimani, kikajua maji yatafika nyumba ipi, kisha kikawaita wenyewe kwa majina, kwa sauti ya mtu wanayemwamini. Alisema siku zijazo kila mto duniani utakuwa nacho, na kufa maji kutabaki hadithi. Alitaka sauti yangu. Nikasoma maneno kwenye kinasa sauti asubuhi nzima, na jioni kisanduku kikasema mambo ambayo sijawahi kuyasema, kwa sauti yangu, pamoja na kikohozi changu. Nilitamani kumwambia airudishe, lakini sauti hairudishwi.

Nikapeleka shauri kwenye kikao cha ukoo: je, mlingoti utamwita mke wa Ambakisye? Wazee wakaamua kwamba mlingoti si baba mkwe, haukuzaa mtoto. Tukacheka, tukala kuku, tukatawanyika.

Nilikuwa nimeshastaafu ulipoita mara ya kwanza, mchana, jua kali. Watu walipanda tuta, wengine wakinitania kwamba mzee sasa anaita bila kupumua. Nikatafuta kwa macho. Ambakisye alikuwa mjini Kyela, mke wangu msibani Ngonga. Mke wa Ambakisye hakuwepo, wala mtoto wake Lusajo. Nikajua papo hapo, nikakimbilia nyumbani kwao.

Nilipofika, maji yalikuwa magotini. Mlingoti uliita, "Mama Lusajo, toka nje, maji yanakuja." Kila ulipoita, nilisikia ndani kitu kinaburutwa kuzibia mlango. Alidhani nimesimama pale nje, na kweli nilikuwa nimesimama. Ningefungua mdomo ningemzidishia kujificha. Husemwa kwa mwoga huenda kicheko, lakini siku ile nililia waziwazi, kisha nikavunja mlango. Alikuwa juu ya kitanda, amejifunika khanga na mtoto ndani yake. Nikamshika mkono. Hadi leo sijui niliogopa zaidi maji au mwiko. Tulitoka yakiwa kifuani.

Wazee walichinja ng'ombe, mwiko ukaondolewa kati yetu, ingawa yeye hakunizoea. Mhandisi alirudi na furaha kwamba hakufa mtu. Kasoro ya nyumba ile, alisema, ameipatia dawa: ataiita kwa sauti ya mama mzazi wa mkwe wangu, iliyobaki kwenye simu. Mama huyo tulikuwa tumemzika masika yaliyopita.

Kustaafu kunampa mtu muda wa kuwaza, na mimi nawaza vibaya. Namwona kila mtu duniani akiitwa na mtu aliyempenda, mzima au marehemu, na hakuna anayeweza kujua nani ameita kweli. Nilimwambia Mhandisi hivyo. Akanisikiliza kwa heshima, kama mnavyowasikiliza wazee.

Ndipo mkwe wangu, aliyekuja kumsikiliza Mhandisi, akasema mbele yangu kwa mara ya kwanza, akitazama chini. "Baba, mlingoti uko mtoni. Nikisikia mama ananiita, nitamfuata aliko."

Mhandisi akasema sauti ile imeshawekwa, na kuitoa mpaka apate kibali cha wakubwa wake.

Bado tunakingoja. Ambakisye amemhamishia mkewe kwetu, kwa ombi la mke mwenyewe. Mawingu yakitanda Rungwe, mkwe wangu ananiletea ufunguo wa chumba chake na kuuweka mezani, nami naenda kumfungia kwa nje.